Mpiga video wa harusi Mwanza: niliwasikiliza kwanza, kutazama kukafuata

Kwenye video ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga nyumbani, ya mwaka 2016 kuna mahali marehemu baba anasimama, anavua kofia, anapokea maiki kwa MC na kuanza kusema. Midomo inaonekana vizuri, hata jasho la paji la uso linaonekana. Sauti inayosikika ni wimbo wa mapenzi. Baba anasema, wimbo unaimba, na baada ya sekunde 41 picha inahamia kwenye keki.

Siku ile baba alizungumza karibu dakika kumi. Alikuwa mpima pamba wa chama cha msingi cha ushirika huko Magu kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache, na alipoamua kuniusia aliniusia kwa Kisukuma, tena kile cha wazee kilichojaa mafumbo. Mimi nimekulia mjini, kwa hiyo nusu ya aliyosema ilinipita. Sikuhangaika. Nilijua kamera ipo, na kwamba siku moja nitakaa naye tuitazame pamoja anieleze neno kwa neno. Video ilipokuja nilimpigia aliyeirekodi. Akanijibu, kwa upole kabisa, kwamba sehemu ile ilikuwa ndefu na lugha hakuielewa, akaona aipambe na muziki. Nikaomba rekodi ghafi. Kadi ilikuwa imeshafutwa ikaingizwa harusi ya wiki iliyofuata. Baba alifariki mwaka 2021.

Kwa hiyo mwaka 2025 mdogo wangu alipoposwa, na kamati ikaanza kugawana majukumu pale sebuleni kwa mama, niliomba kazi ya picha na video kabla hawajafika kwenye vyakula. Mwenyekiti, mjomba wetu, alidhani naitaka kwa sababu ni nyepesi. Ilinichukua miezi mitatu, wapiga video watano na nauli nyingi za daladala, na ninaandika haya yote kwa sababu najua kuna dada mwingine Buhongwa au Igoma ambaye kamati imemkabidhi kazi hii wiki hii, na anachotumiwa kwenye WhatsApp ni vipande vya dakika moja vyenye droni.

Majina ya studio sitayataja, ya walioniudhi wala ya walionifurahisha. Niliowachagua nitawaita vijana wa Pasiansi, maana ofisi yao iko upande huo.

Nianze na vile vipande vya droni, kwa sababu ndipo wengi tunaponaswa. Kila studio ya Mwanza ina kile kimoja: droni inapaa juu ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu wa ziwani, ziwa linang'aa, gauni linapepea, muziki unapanda, bwana harusi anageuka taratibu. Vinapendeza, sikatai. Lakini kipande cha dakika moja kimekusanywa kutoka harusi ishirini, zile sekunde tatu tatu zilizokubali. Hakikuambii harusi ya ishirini na moja itakuwaje saa nne usiku, ukumbi umejaa, umeme umeyumba, na shangazi ndiyo kwanza anaanza kulia.

Mimi niliomba kitu kimoja kwa wote watano: nionyeshwe harusi nzima ya mtu mmoja, na ndani yake nionyeshwe wosia wa mzazi kuanzia anaposimama hadi anapoketi. Kisha nikalaza simu au kugeuza uso, nikasikiliza tu.

Wa kwanza, katikati ya mji, hakuwa na harusi nzima ya kunionyesha. Alisema watu siku hizi hawatazami video ndefu. Wa pili alikuwa nayo; sauti ya baba wa bibi harusi ilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa, na kijiko cha mgeni wa meza ya jirani kilisikika vizuri kuliko yeye. Hapo ujue kamera ilisimama mbali na ikategemea maiki yake yenyewe. Maiki ya kamera haichagui. Inachukua kila kinachoifikia, na kwenye ukumbi wa vigae na bati, sauti ya spika inagonga ukuta na kurudi mara tatu nne kabla haijatulia. Wa tatu alikuwa na sauti safi kabisa, maana alikuwa amechomeka kwenye mashine ya DJ, ila MC alipopaza sauti yote ilikwaruza, na mzazi aliyezungumza bila maiki hakusikika kabisa. Alikuwa na njia moja tu, nayo ilipomwangusha hakuwa na ya pili.

Wa nne ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote, milioni tatu kwa siku mbili, na kwake niliona kitu kingine. Kwenye video yake, ukumbini, mistari ya giza ilikuwa inapanda polepole juu ya sura za watu kama pazia linalovutwa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu na cha nne, na hili naweza kulieleza. Umeme wetu wa gridi unazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini, hasa za LED za bei nafuu, mwanga wake unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona, endapo muda inaoufungua mlango wake kwa kila picha haulingani na mapigo hayo. Ukiweka sehemu 1 ya 50 ya sekunde, au 1 ya 100, mistari inatulia. Ukiacha 1 ya 60, kama kamera nyingi zinavyokuja kutoka nchi ambazo umeme wao ni wa mapigo 60, unapata pazia lile. Nilimuuliza. Akasema ni taa za ukumbi ndizo mbovu. Nikamshukuru kwa soda, nikaondoka. Mtu wa milioni tatu anapaswa kujua umeme wa nchi yake.

Vijana wa Pasiansi walikuwa wa tano, na nilifika kwao nimechoka. Nilielekezwa na mwalimu mwenzangu ambaye walirekodi ndoa ya mdogo wake. Nilipiga simu jioni moja natoka shule, nikasimama kando ya barabara pale Mkolani magari yakipita. Kiongozi wao, kijana mwenye sauti ya chini, alinisalimia, akauliza tarehe, ukumbi, idadi ya watu. Halafu akauliza: "Mwalimu, kuna mzee yeyote atakayezungumza lugha ya nyumbani?"

Sikumjibu mara moja. Nilimuuliza kwa nini anauliza. Akasema akijua mapema anampanga mhariri anayeielewa, kwa sababu mtu asiyeelewa hajui wapi pa kukata. Anaweza kukata katikati ya methali. Nilimwambia baba mdogo atazungumza Kisukuma kwa upande wetu, na wazee wa bwana harusi ni Wahaya, huenda nao wakazungumza chao. Akasema Kisukuma anaye mtu, kijana wa Kwimba. Kihaya atatafuta, na asipopata ataniambia mapema nitafute mimi. Hakupata. Aliniambia wiki tatu kabla, na shemeji akamleta binamu yake.

Nilikwenda ofisini kwao Jumamosi. Chumba kimoja, kompyuta mbili, feni. Walinionyesha harusi nzima yenye urefu wa saa tano na nusu, lakini kwanza kijana alimpigia mwenye harusi kuomba ruhusa, simu ikiwa kwenye spika nikisikia. Hilo nalo nililipenda: nilijua na yetu haitaonyeshwa kwa mgeni bila sisi kuulizwa. Wosia wa mzazi nikausikiliza nimegeukia dirishani. Nilisikia pumzi ya yule mama kabla hajaanza kusema. Nilisikia karatasi aliyoshika ikitetemeka.

Nikauliza wamefanyaje. Wanachukua sauti kwa njia tatu kwa wakati mmoja: kinasa sauti kinachochomekwa kwenye mashine ya DJ, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo anayovikwa bwana harusi na mzungumzaji mkuu, na kinasa kingine kidogo kinachowekwa juu ya meza kuu nyuma ya maua. Moja ikiharibika zinabaki mbili. Kamera zao zina nafasi mbili za kadi, na kila kinachorekodiwa kinaandikwa kwenye zote mbili papo hapo. Kadi hazifutwi mpaka mwenye harusi asaini kwamba amepokea kazi na ameitazama. Hilo la kusaini lilikuwa tayari limeandikwa kwenye mkataba wao, sikuliongeza mimi.

Nilichoongeza mimi ni vitu vitatu. Rekodi ghafi zote ziwe mali yetu, tukabidhiwe. Wosia na nasaha za wazee visiwekewe muziki wala visikatwe, hata sekunde moja. Na chochote cha kicheni pati kisitoke nje ya familia kwa namna yoyote.

Kwenye rekodi ghafi, fanya hesabu kabla hujaomba, usije ukapeleka flashi ya gigabaiti 64 ukadhani inatosha. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Saa sita ni gigabaiti 135, na hiyo ni kamera moja. Wao walikuwa na tatu, kwa siku mbili. Nilinunua diski ya terabaiti 1 mwenyewe nikawapelekea, ikajaa zaidi ya robo tatu.

Bei tulikubaliana milioni 1 na laki 4 kwa sendofu na harusi, picha na video, na laki moja na nusu ya ziada kwa kicheni pati. Wao walitaka nusu mbele. Nikaomba tugawe: laki nne kianzio, laki sita asubuhi ya ndoa, laki nne siku ya kukabidhi kazi. Walikubali bila kununa. Ukibaki na kitu mkononi mpaka mwisho, simu zako zinapokelewa. Na risiti nilipewa, kila awamu.

Kuhusu kicheni pati niseme kidogo. Mambo yanayozungumzwa mle ni ya wanawake, bibi na mashangazi wanasema wazi, na nimeona sherehe ikipoa ghafla kwa sababu kijana wa kiume ameingia na kamera begani. Vijana wa Pasiansi wana binti kwenye timu yao, na ndiye aliyekuja, peke yake, na kitenge chake kiunoni kama sisi. Alirekodi mapambo, zawadi, ngoma na chakula. Somo, yaani kungwi, alipoanza mafundisho yenyewe, binti alizima kamera na kuiweka kwenye begi bila kuambiwa. Mama yangu alimwita aje akae mkekani. Ile laki moja na nusu ningeilipa hata mara mbili.

Droni nayo. Kati ya watano, wawili waliniambia nisijali, wao wanapaisha tu. Droni hapa kwetu inahitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayohusika; kwa Ilemela, ndege zinapopita chini zikielekea uwanjani, sikutaka kuwa na shughuli ambayo askari anaingia kumtafuta mwenye kidude. Kijana alinionyesha karatasi zake, akaniambia pia kwamba kanisani hatapaisha, inavuma kama nyuki na padre yuko kwenye mahubiri. Droni yote kwenye video yetu haifiki dakika nne. Inatosha.

Sendofu ilikuwa Ijumaa tarehe 5 Septemba, ndoa Jumamosi tarehe 6. Upande wa bwana harusi walitoka Bukoba kwa basi la kukodi, wakapita Geita na Sengerema. Zamani safari hiyo ingekatika Busisi kwenye kusubiri kivuko, na hujui utasubiri muda gani. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa mwezi Juni mwaka huohuo, kilomita 3 hivi juu ya maji, na wazee wengi mle ndani hawakuwa wamelipita bado. Kijana mmoja wa timu, wala si kiongozi, aliomba kwenda kuwapokea Usagara na kamera ndogo. Hatukumlipa nyongeza zaidi ya mafuta ya pikipiki. Alirudi na dakika tatu ambazo shemeji anazipenda kuliko ndoa yenyewe: mlango wa basi unafunguka, bibi yake anashushwa kwa kushikwa mikono miwili, na kitu cha kwanza anachosema ni, "Tumepita juu ya ziwa kwa miguu ya gari!" Amebeba kikapu, ndani yake kahawa ya kutafuna na senene waliokaushwa, na hataki mtu amshikie.

Ukumbini Ijumaa usiku nilikaa mahali ninapowaona. Walivaa nyeusi, hawakusimama mbele ya meza za watu, na mwenye kamera ya katikati aliinama kila alipovuka. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikachukua dakika mbili hivi kuamka. Kinasa sauti chao kina betri, kwa hiyo vigelegele vya gizani vimo, na sauti ya shangazi akimwambia bibi harusi asiogope imo. Picha ni nyeusi tupu na wameiacha hivyohivyo. Nilipoitazama mara ya kwanza nililia hapo, kwenye giza, kabla hata hatujafika kwa baba mdogo.

Sasa baba mdogo. Alisimama saa tatu na dakika kumi usiku. Binti alikuwa ameshambana ile maiki ndogo kwenye kola dakika tano kabla, akiomba radhi, "Shikamoo babu, naomba nikuvalishe hii," naye akamwachia kifua kama mtoto anayevishwa shati. Alizungumza dakika tisa kwa Kisukuma, taratibu, bila karatasi. DJ alijaribu kumwekea muziki wa chini kwa chini, kama wanavyozoea. Kiongozi wa vijana alitembea mpaka kwenye mashine, akamnong'oneza, muziki ukazimwa. Sikuwa nimemwomba. Alikuwa amekumbuka nilichomweleza kuhusu baba.

Kwenye video ile, kijana wa Kwimba ameweka maandishi ya Kiswahili chini, ili wakwe wasome. Na hapa lazima niseme kosa: neno moja alilikosea, methali ikageuka maana, baba mdogo mwenyewe akaligundua tulipomwonyesha. Walilirekebisha siku ya pili. Lakini bila maandishi yale nisingejua kitu kilichosemwa dakika ya sita. Baba mdogo anamgeukia mdogo wangu na kusema: neno hili kaka yangu alimwambia dada yako mwaka ule, mbele ya watu hawahawa, na kwa kuwa hayupo, mimi nalirudia kama alivyolisema. Halafu analisema. Ni kuhusu ghala la nyumba, nani anashika ufunguo, na kwa nini mgeni haulizwi amekuja kwa siku ngapi. Mengine ni ya kwetu. Nimeyaandika kwenye daftari, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na nilikwenda Magu Desemba nikakaa na baba mdogo asubuhi nzima anieleze.

Picha za ziwani tulipiga Jumapili, na hili lilikuwa wazo lao ambalo kamati ililipinga sana. Kawaida msafara unatoka kanisani saa saba au saa nane, jua la utosini, unakwenda kupanga foleni pale karibu na Jiwe la Bismarck na maharusi wengine watatu. Au wanakwenda jioni, machweo. Kijana alituchorea kwenye karatasi: ukisimama mjini ziwa liko magharibi. Jioni jua liko nyuma ya maharusi, ziwa linawaka, na nyuso zinakuwa makaa; wengi wanapenda vivuli vile, lakini mama hatamtambua mwanawe. Asubuhi jua liko mgongoni kwa mpiga picha, linawaangukia usoni, mawe yanapata rangi yake, na upepo wa ziwani bado haujaamka, kwa hiyo shela linatulia na maiki haivumi. Mwalimu wa fizikia hakuwa na la kupinga. Mama alitaka maharusi walale. Gauni tulikuwa tumelikodi mpaka Jumapili saa sita mchana, basi saa mbili kasoro asubuhi walikuwa pale, peke yao, na wavuvi wawili wakirudi na mtumbwi. Sijaona picha ya harusi ya Mwanza yenye mwanga kama ule. Mdogo wangu ameshaifanya kubwa, ipo ukutani kwake Kiseke.

Sasa yaliyonikera, maana yapo na ni haki kuyasema. Walituahidi kazi ndani ya siku 30, tukaipata siku ya 47, tarehe 23 Oktoba. Walinipigia kueleza kabla sijawapigia, wakisema waliamua kumsubiri yule wa Kihaya amalize maandishi, lakini siku 17 ni nyingi kwa bibi harusi anayeulizwa na kila mtu video iko wapi. Kama wanajua tafsiri inachelewesha, waseme siku 45 tangu mwanzo.

Kipande cha hailaiti, dakika nne, sikukipenda. Kila kitu kinakwenda taratibu mno, hata watu wanaocheza bugobogobo, na bugobogobo ikipunguzwa mwendo inakufa. Ngoma ile ni jembe na nguvu ya shamba. Tuliomba warudie sehemu hiyo kwa mwendo wake, wakarudia. Tena walitumia wimbo wa msanii mkubwa bila idhini, mdogo wangu alipokiweka YouTube sauti ikazuiwa. Waulize wapiga video wako muziki wanautoa wapi, kabla.

Na kwenye kutoa zawadi, kamera zote tatu zilikaa upande mmoja. Mashangazi wa Magu walioingia na ngoma kupitia mlango wa pili wanaonekana visogo tu, karibu wote, na mmoja wao alikuwa amesafiri na mguu unaouma. Hili limeniuma zaidi ya kuchelewa. Kiongozi alikiri, akasema alipaswa kuuliza watu wataingia wapi. Mimi nami nilijua njia watakayoingia na sikumwambia. Ukikaa na mpiga video, mchoree ukumbi: meza kuu, milango, wanaokuja na ngoma wanapita wapi, wazee waliochoka wamekaa wapi.

Kingine ni chakula. Kamati yetu haikutenga sahani za timu. Watu wanne, wamesimama kwa muda wa saa saba, na hakuna aliyekumbuka mpaka saa nne na nusu usiku nilipomwona binti ameegemea nguzo. Hawakulalamika. Kwenye bajeti yako ziandike sahani hizo pamoja na za MC na DJ, tena wale mapema kabla ukumbi haujafunguliwa, kwa sababu wageni wakianza kula ndipo wao wanapotakiwa wawe macho.

Ukiniuliza kama ningewarudia, nimeshawarudia. Mwezi wa pili walikuja nyumbani kwa mama na kamera moja, bila sherehe yoyote, wakamrekodi mama mkubwa wetu, ambaye umri umekwenda, akisimulia jinsi kina mama walivyokuwa wanaolewa upande wa Magu. Saa mbili, laki mbili. Alianza kwa "Mwangaluka" na akamaliza kwa "Wabeja", na katikati hakuna muziki.

Video ya mdogo wangu ipo kwenye diski mbili, moja kwake Kiseke na moja kwangu Nyegezi. Mama hataki diski wala flashi, ana deki yake, kwa hiyo nilizunguka mjini mpaka nikampata kijana anayechoma DVD bado. Sendofu imo kwenye DVD tatu. Mbili za kwanza hajazigusa. Ya tatu ndiyo yenye baba mdogo, na imeshaanza kukwaruza pale dakika ya sita, itabidi nikamchomee nyingine.